Miiba inayotembea: jinsi ya kumtafuta na kumfuatilia mdudu-mwiba mtini, Lubumbashi

Kila mvua zinapokaribia, simu yangu hujaa picha za aina moja: tawi la mgunga au la lusina, miiba mitano sita imejipanga kwenye kijiti kibichi, na chungu wanapanda na kushuka. Maswali nayo ni yale yale. Ni mdudu au ni ugonjwa? Anauma? Mti utakufa? Ninunue dawa gani? Mama mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, alinieleza kwamba mti wake uliota miiba ambayo jana yake haikuwepo, na alipoigusa, mmoja ukaruka. Hakuwa ameota ndoto. Ndivyo ilivyo.

Majibu mafupi kwanza, ili mwenye haraka aende zake. Ni mdudu. Haumi watu, mdomo wake ni sindano ya kunyonya utomvu, na ukimminya kwa nguvu atakachokuchoma ni pembe zake tu. Hana sumu. Mti mkubwa hautakufa kwa ajili yake. Dawa usinunue bado. Soma mpaka sehemu ya miche.

Anayebaki ni yule anayetaka kumjua. Mwongozo huu ni wake, na hauhitaji shule ya wadudu. Unahitaji mti mmoja na wiki kadhaa za kurudi pale pale.

Mambo machache kabla ya kuanza

Mdudu huyu ni wa familia ya Membracidae, ndugu wa nyenje. Duniani kuna spishi zaidi ya 3,000. Kinachomfanya afanane na mwiba ni ngao ya mgongo: sehemu iliyo nyuma ya kichwa imekua kupita kiasi, ikapanda juu, ikatoa pembe mbili pembeni, na kwa wengi ikarefuka mkia unaofika mpaka juu ya mabawa. Hapa kwetu jina nitakalotumia ni mdudu-mwiba. Jenasi unayoweza kuitarajia kwenye migunga ya Afrika, na hata ya Asia, ni Oxyrhachis.

Mtoto wake nitamwita tunutu, kama tunavyowaita watoto wa nzige. Tunutu hana mabawa, mgongo wake una vijinundu na vijimiba, na amejibandika kwenye gamba la kijiti kama kipande cha gome. Hubadilisha ganda mara tano kabla ya kuwa mzima. Basi, nadharia imeisha.

Utakavyohitaji

- Lupe, yaani kioo cha kukuzia, ya kukuza mara 10. Wanaotengeneza simu na saa sokoni wanazo. Ile ya plastiki ya watoto haitoshi.
- Simu yenye kamera.
- Daftari na kalamu ya risasi. Wino hukimbia mvua inapokudondokea, na itakudondokea.
- Uzi wa rangi kali, mwekundu au wa bluu.
- Kitambaa cheupe au mwavuli wa rangi nyepesi.
- Fimbo fupi.
- Brashi laini, kama ya rangi za maji.
- Nguo ya mikono mirefu. Mgunga ni mgunga.

Chupa ya kumfungia mdudu haimo katika orodha hii, na si kwamba nimesahau. Mwaka wangu wa kwanza nilikata tawi lenye wadudu kumi na wawili nikaliweka kwenye chupa ya mayonezi mezani, nimwoneshe mtoto wa dada yangu akitoka shule. Kesho yake walikuwa chini, wamekauka. Tawi lililokatwa haliwapi kitu: utomvu ukikoma, nao wamekwisha. Atazamwe mtini.

Hatua 1: Chagua majira na saa

Huku kwetu mvua kubwa ni kati ya Novemba na Machi, lakini usingoje mvua. Miti ya miombo hutoa majani mapya Septemba na Oktoba, joto likiwa kali na ardhi bado kavu. Zile siku msitu unapogeuka mwekundu kana kwamba umechanganyikiwa. Vijiti vipya ndivyo chakula. Mimi huanza kutafuta wiki ya pili ya Oktoba na kuendelea hadi Machi. Juni na Julai, asubuhi za baridi, utapata wachache, na utakata tamaa bure.

Saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi. Baridi ya usiku bado imo mwilini mwao, wanajivuta. Saa sita mchana ukigusa tu, wameruka.

Hatua 2: Chagua mti

Usianzie porini. Anza na lupango, yaani kiwanja cha nyumbani kama tunavyokiita hapa. Angalia uzio wa lusina (Leucaena leucocephala), mbaazi zilizopandwa ukutani, na mti wowote wa jamii ya mikunde wenye vijiti laini. Baada ya hapo nenda kwenye vichuguu vikubwa vya nje ya mji, kwenye barabara ya Kipushi kwa mfano. Miti mingi ya kule imekwisha kuwa makaa, lakini mara nyingi wakulima hulima wakikizunguka kichuguu, na juu yake miti hubaki. Mgunga wenye gome la manjano linalobanduka, Acacia polyacantha, ni wa kutazamwa kijiti kwa kijiti. Fanya haraka, maana vichuguu navyo vinachimbwa kwa ajili ya matofali.

Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Mtu anayezunguka kichuguu cha mwenzake na lupe mkononi, akichungulia matawi, huonekana mchawi au mtafuta madini, na hapa Lubumbashi sijui kipi kati ya hivyo viwili kitakuletea maneno mengi zaidi.

Hatua 3: Tafuta chungu kwanza

Hii ndiyo siri ya kazi yote. Anayetafuta mwiba kati ya miiba atapofuka. Tafuta msafara wa chungu unaopanda shina la mti usio na tunda wala ua. Wanafuata nini? Fuata nyuma yao kwa macho. Msafara ukiishia kwenye kijiti kibichi unene wa penseli au chini yake, na chungu wakawa wanazungukazunguka badala ya kupita, simama hapo.

Sasa angalia miiba. Mwiba wa kweli una utaratibu: hutoka penye kifundo cha jani, mara nyingi wawili wawili, na umeota ndani ya gome. Mdudu-mwiba hukaa popote, na wenzake mara nyingi wameelekea upande mmoja kama watu kwenye foleni ya maji. Ukiwa na shaka, sogeza kidole polepole kutoka upande mmoja bila kugusa tawi. Mwiba haukujali. Mdudu atajivuta kando kuzunguka kijiti, ajifiche upande wa pili. Ukileta kidole upande huo, anarudi alikotoka. Watoto wanaweza kucheza mchezo huu nusu saa nzima.

Usishike tawi lake. Ndilo kosa la kila anayeanza. Unainamisha tawi ili uone vizuri, na kabla hujafikisha lupe jichoni wazima wote wameruka. Mdudu huyu husikia kwa miguu: mtikisiko wa kijiti ndio habari yake yote. Kichwa chako ndicho cha kuinama.

Usipoona kitu, tandaza kitambaa cheupe au pindua mwavuli chini ya tawi, kisha lipige kwa fimbo mara mbili, pigo kavu la ghafla. Wazima wataanguka au wataruka. Fanya hivyo kwenye tawi la kujaribia tu, kamwe si kwenye kundi unalotaka kulifuatilia.

Hatua 4: Hakikisha ni yeye

Chungu huwafuata wadudu wengine pia wanaotoa maji matamu. Vidukari ni laini, wadogo, wamejaa kwenye ncha za majani. Vidung'ata wana unga mweupe kama wa bukari, yaani ugali. Wadudu-gamba hawasogei kabisa. Mdudu-mwiba mzima ana ngao ngumu yenye pembe, urefu wake ni milimita chache tu, wengi hawafiki milimita 10, na anaruka. Tunutu wake haruki. Hutembea tu, na nyuma mwili wake unachongoka kama bomba jembamba.

Jina la spishi usilitafute kwa picha. Kwa wengi wao lazima mtaalamu achunguze viungo vya uzazi vya dume chini ya darubini. Andika Membracidae, au Oxyrhachis ukiwa na hakika ya umbo, uishie hapo. Jina la kubahatisha likishaingia daftarini ni gumu kutoka.

Hatua 5: Weka alama, kisha andika

Funga uzi kwenye tawi la jirani, sentimita 20 hivi kutoka kwenye kundi. Usifunge kwenye kijiti wanachonyonya: utawatikisa, na uzi ukikaza utazuia utomvu.

Kila ukija, andika tarehe, saa, hali ya hewa, wazima wangapi, tunutu wangapi, chungu wangapi, na kama kuna maganda matupu. Maganda ni muhimu kuliko unavyodhani. Tunutu akibadilika huacha ganda jeupe limeshika kijiti, limepasuka mgongoni. Ukikuta wadudu wamepungua lakini maganda yameongezeka, wamekua, wameruka. Wakipungua bila maganda, wameliwa.

Mayai hutayaona, ila utaona mahali pake. Jike hupasua gome la kijiti kwa kifaa kilicho chini ya tumbo, akayaweka ndani. Utaona mkwaruzo mwembamba, kama umekatwa kwa ukucha, na mara nyingine jike amekaa juu yake hasogei. Katika spishi nyingi za familia hii mama hulinda mayai. Kuna mmoja wa Amerika, Umbonia crassicornis, anayebaki na watoto hata baada ya kuanguliwa. Mwaka 1996 mtafiti wa wadudu, Rex Cocroft, aliandika kwamba tunutu wa spishi hiyo, adui akija, hutikisa kijiti kwa pamoja, na mama husogea upande hatari iliko. Kwa hiyo ukikuta jike ametulia peke yake hivyo, usimpige kwa brashi ili uone kama yu hai. Yu hai.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Anayekuja kila saa anawasumbua.

Hatua 6: Tazama biashara ya chungu

Lete kigoda. Hapa ndipo raha ilipo, na hapa ndipo watu hukimbia mapema mno.

Chagua tunutu mmoja na umtazame kwa dakika kumi. Chungu atakuja, atampapasa nyuma kwa papasio zake, kushoto kulia, kushoto kulia. Tunutu atainua ncha ya tumbo na kutoa tone linalong'aa. Chungu atalinywa, ataenda. Tone hilo ni mabaki ya utomvu: mdudu hunyonya maji mengi ya mti ili apate chakula kidogo kilichomo, na sukari ya ziada huitoa. Malipo ya chungu ni ulinzi. Buibui akikaribia, au vunjajungu mchanga, utaona fujo.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, fanya jaribio hili kwenye mti wenye makundi mawili. Chini ya tawi la kundi moja zungusha utepe wa karatasi wa kubandika, kisha paka vaselini juu ya utepe. Usiipake kwenye gome lenyewe. Hakikisha hakuna jani la tawi lingine linalogusa, maana chungu watapata daraja. Ondoa kwa brashi chungu waliobaki juu. Tawi la pili liache kama lilivyo, na uhesabu yote mawili kwa wiki mbili. Ukimaliza, toa utepe.

Tahadhari: kama chungu ni majimoto, wale wekundu wanaoshona majani, tafuta mti mwingine. Ninasema kwa uzoefu wa shingo yangu.

Hatua 7: Wasikilize, ukipenda

Wadudu hawa huzungumza, ila sauti haipiti hewani. Inapita ndani ya kijiti. Dume hutikisa mwili, jike hujibu, na sikio lako halitambui kitu. Lakini kile kisahani chembamba cha shaba kilichomo kwenye saa za mezani za zamani au kadi za muziki, kinachotoa mlio wa tiii, hufanya kazi kinyume pia: ukikitikisa hutoa umeme.

Mwombe fundi wa redio akiunganishe na waya wenye jeki. Kibane kwenye kijiti kwa kibanio cha nguo, kisha chomeka jeki kwenye spika ndogo yenye tundu la maikrofoni. Simu nyingi hazikitambui kisahani hicho, usipoteze muda nayo. Bana, ondoka hatua tatu, na ungoje robo saa wasahau kwamba ulikuja. Upepo ukivuma utasikia ngurumo tupu, hivyo alfajiri ndiyo saa yake. Utakachosikia ni vilio vya chini vinavyojirudia, na miguu ya chungu ikipita kama mvua ya mawe.

Hatua 8: Piga picha

Weka lupe mbele ya lenzi ya simu, egemeza kiwiko kwenye goti, usogee mbele na nyuma mpaka jicho la mdudu liwe wazi. Jicho likiwa na ukungu picha haina maana hata pembe zikitoka vizuri. Piga kutoka ubavuni, kisha kutoka mbele, maana pembe za ngao huonekana vizuri kutoka mbele. Kivuli chako kisimwangukie.

Kama mti ni mche

Hapa nabadili sauti kidogo. Mche wa miezi michache wenye kundi kubwa unaweza kudumaa: utomvu unanyonywa, na kijiti kilichopasuliwa kwa mayai hukauka kuanzia hapo kwenda juu. Maji matamu yanayodondokea majani huota ukungu mweusi kama masizi.

Anza na maji ya bomba yenye nguvu, asubuhi, siku tatu mfululizo. Tunutu walioanguka hawarudi kirahisi. Kata vijiti vyenye mikwaruzo ya mayai. Wakibaki, yeyusha kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika lita moja ya maji, jaribu kwenye jani moja, ungoje siku moja. Jani likiwa zima, nyunyizia wadudu wenyewe jioni, suuza asubuhi.

Usitumie sabuni ya unga ya kufulia. Niliitumia kwenye miche ya parachichi ya mama jirani, kwa ujasiri wa mtu asiyeulizwa. Wadudu walikufa. Majani pia. Mpaka leo yule mama akiniona na bomba la kunyunyizia huita watoto ndani.

Petroli na mafuta ya taa, hapana. Dawa kali za shambani nazo huua nyuki na buibui wanaokusaidia, na mtini unapookota vinkubala, yaani viwavi wa kula, zisifike kabisa.

Yakikwama

*Nimetafuta wiki mbili sijaona hata mmoja.* Unatazama majani. Tazama vijiti, upande wa chini.

*Jana walikuwa ishirini, leo hakuna.* Hesabu maganda kwanza. Kisha tafuta mita mbili tatu kuzunguka. Wazima wapya husambaa.

*Tunutu wamevimba, wamekuwa kahawia, wana tundu.* Nyigu wadogo sana hutaga ndani ya wadudu wa aina hii. Usiwatoe, andika.

*Chungu wamejenga kibanda cha udongo juu ya kijiti.* Kuna chungu wanaofunika mifugo yao. Fungua kidogo kwa brashi, angalia, ondoka, watakiziba wenyewe.

*Majani yana masizi lakini wadudu siwaoni.* Tazama tawi la juu yake. Maji matamu hudondoka, hayapandi. Masizi yaoshe kwa kitambaa chenye maji, na kama huko juu ni vidukari, huna kundi la kufuatilia.

*Nimepata kundi zuri Kipushi, nataka kulihamishia kwangu.* Liache. Kwenye kijiti hicho hicho kunaweza kuwa na mayai ya wadudu usiowajua, na mpaka wa Zambia uko pale pale. Panda lusina au mbaazi mwezi wa Novemba, ungoje. Kwangu walikuja mwaka wa pili, upande wa choo, ambako sikuwa nimepanda kitu.